Hodi ya Tatu

Katika mji huu milango ilitangulia nyumba. Waliofika kwanza waliisimamisha uwandani, kila mlango na fremu yake, wakaingia na kutoka humo kwa miaka mingi bila ukuta wala paa, na kuta zilipokuja zilikuja kwa kuifuata milango. Ndivyo tunavyoambiwa. Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kulithibitisha. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba ziko nyumba zilizobomoka ambazo milango yake bado imesimama peke yake katika ukungu, na watu wenye akili timamu huizunguka kwa adabu badala ya kupita katikati. Sheria yetu ni fupi. Linalosemwa mlangoni huwa kweli. Anayejibiwa karibu ni mgeni, anayejibu karibu ni mwenye nyumba, na hodi isiyojibiwa mara ya tatu humrudisha mtu alikotoka.

Kazi yangu ni kukagua mizani sokoni. Ninabeba mawe ya shaba ambayo uzito wake unajulikana, ninayaweka upande mmoja, kisha ninatazama. Muuzaji anaweza kuapa, anaweza kulia, anaweza kunitajia watoto wake; jiwe halimsikii. Ninalitaja hili mapema kwa sababu mji wetu unafanana na ndoto, na mtu anayesimulia mambo ya mji kama huu anapaswa kueleza anatumia jiwe gani.

Tulirudi kutoka ng'ambo ya daraja, kwenye jengo jeupe ambako mume wangu, Vitalis, alitolewa tezi dume iliyokuwa na saratani. Tezi yenyewe niliiona ndani ya chupa. Ilikuwa kubwa kuliko kungumanga na ndogo kuliko ndimu. Niliomba kuipima, wakanikatalia. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinieleza yaliyobaki bila kuyapamba, na nilimheshimu kwa hilo. Saratani imetoka. Mkojo utavuja kwa miezi, hasa akicheka, akikohoa au akiinuka kitini, kisha utapungua. Anywe maji. Afanye mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Na yale ya kitandani yatarudi polepole, au yatarudi nusu, au hayatarudi.

Vitalis alitembea mbele. Mfuko wa mkojo ulikuwa ndani ya kikapu, na kikapu nilikishika mimi, kwa hiyo tuliingia mtaani tukiwa tumeunganishwa na mpira mwembamba, yeye akipunguza mwendo nami nikipunguza. Mlango wetu ulikuwa wazi. Aliutundika mwenyewe mlango huo, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya kijani ambayo sikuipenda. Alisimama kizingitini, akashika fremu kwa mikono miwili kama anayekadiria upana wake, akasema, "Hodi."

Ndani alikuwemo dada yake, Teodosia, aliyeshuka kutoka mlimani kuja kusaidia kuuguza. Alikuwa amechutama akikoroga uji, mgongo umeelekea mlangoni. Hakugeuka. Katika maisha yake hajawahi kuiacha hodi ya mtu bila kuijibu.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani."

Vitalis akavua viatu.

*

Tangu hapo alikuwa mgeni. Nyumba ilielewa hivyo kabla yetu. Kiti chenye vitambaa vya kufuma, ambacho hakuna mtu wa humu anayekikalia, kilimpokea. Sahani ya kauri ilishuka kutoka juu ya kabati la vyombo. Alikula alichowekewa, akasema ameshiba kabla ya kushiba, akatuomba tusijisumbue. Akalala chumba cha wageni. Mpira wa mkojo ulipotolewa na kuvuja kukaanza, alizidi kuwa na adabu. Alifua pedi zake za kitambaa mwenyewe, akazianika ndani, nyuma ya pazia, mahali ambapo jua halifiki na kitu hakikauki.

Kila asubuhi alikuja kwenye mlango wa chumba chetu.

"Hodi."

"Ingia, Baba Fausta. Ni chumba chako." Fausta ni binti yetu, anaishi mbali na tulimwambia kidogo.

"Naomba suruali tu."

"Ziko kabatini, zilipo siku zote."

"Nitolee, tafadhali. Nisikuingilie."

Nilifungua kabati. Lina bawaba inayolia kama mbuzi anayekanyagwa. Aliahidi kuitia mafuta tangu Fausta hajaota meno. Nilimpa suruali kupitia uwazi wa mlango. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda. Nilibaki nikiutazama mkono wangu. Haukuwa umefanya kosa lolote, lakini ulikuwa mkono wa mwenye nyumba anayempa mtu kitu.

Swali langu ni hili, na sikulitafuta, lilinikuta. Mwenye mwili ni yule anayeutawala, au yule anayekaa ndani yake? Vitalis aliamini la kwanza. Alikuwa na lango, lango lilimtii, na kwa kulitawala alijiita mtu mzima, mume, baba wa nyumba. Lango limeondolewa kwa sababu lilioza. Sasa maji yanatoka bila kumuuliza, na mtu ambaye mambo yanatoka na kuingia kwake bila kumuuliza, alisema moyoni, hana kwake. Hoja hiyo nimeiweka kwenye mizani. Mtoto mchanga hatawali chochote cha mwili wake, na hakuna anayemwita mgeni. Mimi mwenyewe siutawali moyo wangu. Unapiga nikitaka nisitake. Wala sikuutawala mwili uliombeba Fausta, ulijiamulia kila kitu na kunijulisha baadaye. Kama utawala ndio hati ya umiliki, basi sote ni wapangaji.

Lakini hoja iliyo sawa kwenye mizani haimfanyi mtu avuke kizingiti. Hilo nalo ni jambo la kweli, na liliniudhi.

Chumba cha wageni hakikuwa na wakati mmoja. Niliingia na bilauri ya maji, na aliyekaa ukingoni mwa kitanda alikuwa kijana mwenye nywele nyeusi, kofia juu ya magoti, shati limekazwa hadi kifungo cha shingoni. Nilitoka, nikaingia tena, akawa baba yake, marehemu, akitazama dirisha ambalo nyumba yetu haina. Mara ya tatu alikuwa Vitalis. Nilimpa maji. Akayashika, akayatazama, akayaweka chini.

"Ahsante, mama. Nitakunywa baadaye."

Alisema mama kama mtu anavyomwambia mama mwenye nyumba.

Yule kijana mwenye kofia nilimjua. Ndivyo alivyokaa kwa baba yangu siku aliyokuja kuniposa. Walimpa maji, akashukuru. Wakampa togwa, akashukuru. Alikaa hadi midomo ikampasuka, na hakunywa tone. Mama yangu alisema ni maringo. Mimi nilidhani anaumwa. Tulipokwisha kuoana ndipo aliponieleza, akiwa amelala chali, anacheka hadi kitanda kinatikisika.

"Ningekunywa, ningebanwa. Ningebanwa, ningemwuliza mama yako choo kiko wapi. Kwa mkwe? Bora nife na kiu, mnizike na kofia yangu."

Sasa nyumba yake mwenyewe ilikuwa imemgeukia kuwa ukweni. Nilimweleza ukweli: ukijinyima maji mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu, unavuja zaidi. Alinisikiliza kwa makini. Alinishukuru kwa kumjali.

Ya kitandani sikumwambia, kwa sababu hakuna njia ya kumwambia mgeni. Ningemwambia kwamba ninakikumbuka kilichoondoka. Kusema sikikumbuki kungekuwa mizani iliyochezewa. Ningemwambia pia kwamba sikuolewa na kungumanga. Mambo haya mawili yanakaa pamoja kwenye sahani moja wala hayagombani.

*

Kisha akaja Mhando.

Mhando ni mtani wake, mtu wa bondeni. Watu wa bondeni na watu wa mlimani walipigana zamani hadi wakachoka, wakakubaliana kutukanana badala ya kuuana. Kwa hiyo Mhando hapigi hodi kwetu. Huingia akidai kuku. Baba mkwe alipofariki, Mhando alilala chali kaburini kabla ya jeneza kushushwa, akagoma kutoka hadi tumlipe kwa pombe, na Vitalis, mwenye msiba, alicheka hadi akashikwa mkono asianguke. Siku Vitalis alipochukuliwa kwenda ng'ambo ya daraja, Mhando alisimama njiani akapaza sauti kwamba akifa, suruali ya bluu ni yake.

Safari hii Teodosia alimuwahi nje. Niliwasikia kupitia dirishani.

"Usimchekeshe."

"Mimi? Nimekuja kudai suruali yangu."

"Nimesema usimchekeshe. Akicheka anaharibika. Unataka umuue kaka yangu?"

Mhando aliingia taratibu. Alikaa kwenye kiti kigumu, akaweka mikono juu ya magoti. Alikuwa amechana nywele.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

Vitalis alimtazama. "Nani amekufa, Mhando?"

"Hakuna."

"Basi mbona unaniita ndugu?"

"Mungu atakujalia nguvu."

"Hata kuku huulizi?"

Mhando alimtazama Teodosia, aliyesimama mlangoni na mwiko. "Nimeshiba," akasema. "Msijisumbue."

Wakakaa kimya wote wawili, wageni wawili katika nyumba moja, wakisubiri mwenye nyumba aje. Ukungu uliingia kupitia dirishani ukakaa nao. Mhando alipoaga, Vitalis alimsindikiza kwa macho tu.

"Mtani wangu amekwisha nizika," akaniambia. Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyoniambia bila kuomba radhi. "Teodosia amenitaka niende naye mlimani. Kesho. Nadhani ni vema. Nimewachosha."

"Ukienda utaagia mlangoni."

"Mgeni huaga."

"Unajua anayeaga mlangoni kama mgeni, mlango humsahau. Hutaingia tena kama mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba," akasema, akikunja kitambaa cha kiti kwa uangalifu, "alienda ng'ambo ya daraja. Huyo mliyemleta ni mtu mwingine, na anakushukuru sana."

Nilitafuta jiwe la kuweka upande wa pili.

*

Ikawa kesho. Katika mji wetu kesho huja kwa kubadilika rangi ya ukungu, kutoka majivu kuwa maziwa. Teodosia alifunga nguo za kaka yake ndani ya shuka, akachukua kikapu kwenda sokoni kununua chakula cha njiani.

"Nikirudi tunaondoka," akasema. "Wifi, usiniangalie hivyo. Mlimani kuna hewa."

"Hata hapa kuna hewa."

"Ya hapa ina watu ndani yake."

Nilitoka nyuma yake. Mhando alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mfereji, mbele ya mlango wa nyumba ambayo haipo tena. Nadhani alilala hapo.

"Mama Fausta," akasema, "sijapata kubeba mzigo kama huu. Matusi yote niliyomwandalia nimerudi nayo. Yamenijaa hapa." Akajigusa kifua. "Lipo moja la ile kungumanga uliyonisimulia."

"Akicheka, mkojo unatoka," nikamwambia. "Ukitoka, anabadilisha suruali. Baada ya hapo hakuna kitu kingine kinachotokea."

Alifikiri. "Hafi?"

"Hafi."

"Yule mwanamke aliniambia anaharibika."

"Inaharibika suruali."

"Ya bluu?" akauliza, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake halisi.

"Mhando, nina shida moja. Nataka nyumba iwe na mtu mmoja tu wa kujibu hodi. Mshike wifi yangu sokoni."

"Yule? Atanipiga na kikapu." Akasimama, akajikung'uta. "Nitamwambia nimekuja kumposa. Atapata mengi ya kujibu."

Alipotea katika ukungu. Nilingoja hadi niliposikia, mbali, sauti ya Teodosia ikisema, "Wewe una wazimu," na ikaendelea kusema. Kisha nikageuka.

Sikuwahi kuutazama mlango wetu kutoka nje nikiwa sina haki nao. Rangi ya kijani ilikuwa imebabuka chini. Pazia la dirishani lilikuwa na maua. Sikukumbuka kama nililinunua mimi. Nilijiuliza ni nani anayekaa pale. Nikaona mikono yangu, ikawa mikono ya msichana, ikawa mikono ya mama yangu ikishika togwa, ikawa mikono ambayo mwenyewe wake simjui. Nilichokijua ni kimoja. Ndani kuna mtu mmoja. Nisipojibiwa mara ya tatu, mimi ndiye nitakayegeuka na kwenda, na mji utaitunza hukumu hiyo hata kama sote wawili hatuitaki. Nilikuwa naiweka ndoa yangu kwenye sahani bila kujua upande wa pili una nini. Mkaguzi hafanyi hivyo.

"Hodi," nikasema.

Kiti kililia. Halafu kimya.

Ndani ya kimya hicho nilimfikiria jinsi ninavyomfikiria mara chache, bila kumpima. Anainuka. Anapoinuka yanatoka. Anajua yatatoka, anainuka hivyo hivyo au anarudi kukaa. Mlango uko mbele yake, mlango alioupiga msasa. Anayegonga haendi. Hakuna Teodosia. Hakuna mimi, mimi niko nje. Nani yuko ndani, Vitalis? Nani amebaki?

"Hodi."

Hatua. Moja, na nyingine inayoburuta. Zikasimama upande wa pili wa ubao. Niliisikia pumzi yake, na nadhani alisikia yangu. Mkono haukugusa komeo.

Nilichelewesha ya tatu kadiri mlango unavyoruhusu kuchelewesha. Ukungu ulinijaa mdomoni nilipoufungua.

"Hodi."

Hakukuwa na sauti. Ukimya ulipita mahali ambapo jibu hukaa, ukasogea mbele kidogo. Mguu wangu wa kushoto ulianza kugeuka wenyewe, kwa sababu sheria yetu haingoji akili ikubali.

"Nani?" akauliza.

Mguu ukasimama.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Fausta."

"Mama Fausta anapigaje hodi kwake?"

"Namuulizia mwenye nyumba."

"Hayupo," akasema. "Mimi ni mgeni tu humu."

"Basi nisaidie wewe. Nimesimama hapa muda mrefu. Nina kiu."

Hili lilimtatiza. Hakuna mtu katika mji huu, mgeni wala mwenyeji, anayeweza kumnyima maji aliye mlangoni. Nilisikia hatua zikirudi, kifuniko cha mtungi, kata ikigonga udongo. Zikaja tena, polepole, za mtu anayebeba kitu kilichojaa.

"Maji haya hapa," akasema kupitia ubao. "Lakini sina ruhusa ya kukufungulia."

"Sawa. Nitakunywa hata kwenye ufa. Ila nikishakunywa nitabanwa."

Kata ikagusa ubao.

"Kwa hiyo nikuulize kabisa," nikasema, "choo cha kwenu kiko wapi?"

Kwanza sikusikia kitu. Kisha sauti kama ya mtu anayeinua gunia. Kisha akacheka. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikamshika mabega. Ubao ulitikisika kwa sababu alikuwa ameuegemea, na niliyasikia maji ya kata yakimwagika na maji mengine yakimwagika, na niliona yote mawili yakitoka chini ya mlango, yakikutana kwenye kizingiti na kuja miguuni kwangu. Sikuondoa mguu.

Komeo likafunguka.

Alisimama katikati ya mlango, kata mkononi, suruali imelowa hadi magotini, machozi yanamtoka. Hakujiziba kwa mkono. Nyuma yangu mtaa ulikuwepo, pamoja na watu wake ndani ya hewa, na hakuwatazama.

"Kwa mkwe," akasema, na kicheko kikamrudia. "Kwa mkwe, mwanamke mzima."

Yaliyobaki katika kata aliyanywa nusu, akanipa nusu. Nilikunywa.

"Ingia basi," akasema. "Unasimama hapo kama nguzo, baridi yote inaingia. Na urudishe huo mlango."

Hakusema karibu. Nilingoja neno hilo, nikaona kwamba halingekuja. Niliingia, nikaurudisha mlango.

Tayari alikuwa amenipa mgongo, anatembea, akiacha nyayo zilizolowa sakafuni. Alipita kiti cha vitambaa. Alipita chumba cha wageni na furushi lililofungwa. Mbele yake palikuwa na mlango wa chumba chetu, umefungwa, na alipoufikia alisimama, kama kila asubuhi.

Mimi pia nilisimama. Huko sokoni Teodosia alikuwa bado anajibu.

Kitasa kikazunguka. Nilisikiliza neno moja kwa masikio yote niliyo nayo, na sikulisikia. Nilichosikia ni bawaba ya kabati ikilia, na sauti yake kutoka ndani, yenye hasira kidogo, ikiuliza suruali ya bluu nimeiweka wapi.